"Nimeacha zamani"

Mtu aliyeacha sigara miaka kadhaa iliyopita akiona kidonda pembeni mwa ulimi, mara nyingi hujipa jibu kabla hajamuuliza yeyote: mimi nimeacha zamani, hiki hakiwezi kuwa saratani. Jibu hilo linaeleweka. Kuacha tumbaku ni kazi nzito, na aliyeiweza ana haki ya kujivunia na kutaraji malipo yake. Lakini naona linawapoteza watu, na leo nataka kutetea kinyume chake. Kidonda kikikataa kupona, aliyeacha ana sababu kubwa zaidi ya kwenda kuonyesha kinywa chake. Anayeendelea kuvuta anaweza kusingizia moshi kwa kila doa na kila mchubuko anaouona. Aliyeacha hana tena cha kusingizia.

Mwaka 1999 watafiti wa meno Marekani walitoa matokeo ya kuwachunguza vijana walioingia mafunzo ya jeshi la anga wakiwa na mabaka meupe mdomoni, yaliyotokana na tumbaku ya kutafuna na ugoro. Mafunzoni tumbaku ni marufuku, kwa hiyo waliacha wapende wasipende. Wiki sita baadaye, karibu mabaka yote yalikuwa yametoweka. Utando wa kinywa hujijenga upya upesi kuliko ngozi. Ukijing'ata shavu leo, juma lijalo huoni alama. Ndiyo maana madaktari wa kinywa husema wiki mbili: mchubuko wa jino lenye ncha, wa meno bandia yanayokwaruza, au vile vidonda vidogo vya kawaida, karibu vyote hufunga ndani ya muda huo, ilimradi kilichovisababisha kiwe kimeondolewa. Sasa mtu ameondoa tumbaku mwaka mzima au zaidi, na bado kuna baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa, au jekundu, ambalo kwa kweli linatisha zaidi ya jeupe, au kidonda chenye kingo ngumu. Mambo mepesi yamekwisha kuondoka yenyewe. Lililobaki halikuondoka, na mtu anapaswa kutaka kujua kwa nini.

Sababu mojawapo ni kwamba utando unaoonekana mzima haujasahau yote yaliyoupitia. Moshi na maji ya tumbaku vina kemikali, zikiwemo za jamii ya nitrosamini, zinazoharibu vinasaba vya chembe za kinywa, na uharibifu huo hautulii mahali pamoja. Mwaka 1953 Slaughter na wenzake wa Chicago walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 783 wa saratani ya kinywa, wakaonyesha kwamba pembeni mwa uvimbe, hata pale ambapo jicho halioni kasoro, chembe zilikuwa zimekwisha kubadilika. Eneo zima lililooga moshi kwa miaka lilikuwa limeguswa. Mtu akiacha, hatari hupungua kweli, wala sitaki msomaji atoke hapa akidhani kuacha hakuna faida. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliounganisha tafiti nyingi za saratani za kichwa na shingo ulikuta nafuu ikianza kuonekana ndani ya miaka minne ya mwanzo, na kwa walioacha miaka 20 au zaidi hatari ilikuwa imekaribia ile ya watu wasiowahi kuvuta. Miaka 20. Kwa hiyo aliyeacha miaka mitano au kumi iliyopita bado yuko njiani, na anaposema ameacha zamani ni haki kumuuliza zamani ipi.

Kuna jambo moja linaloweza kuonekana linapinga haya, nami nalikubali. Wengi wanaoacha sigara hutokwa na vidonda vya kinywa katika wiki za mwanzo kabisa, hata wale ambao hawakuwahi kuvipata walipokuwa wakivuta. Vidonda hivyo si saratani, na ni vibaya mtu kuvichukulia kuwa ishara kwamba mwili unaitaka sigara, akairudia. Huja, huuma, huondoka. Lakini hapo hapo ndipo kosa huzaliwa. Aliyekwisha kuzoea kuambiwa kwamba vidonda vya kuacha sigara ni vya kawaida anaweza kulibeba neno hilo miaka minane mbele na kulitumia kwa kidonda kisichohusiana nalo hata kidogo, kisichouma, kinachokaa pale pale mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Saratani changa ya kinywa mara nyingi haiumi. Anayengoja maumivu ndipo aende anaweza kungoja mpaka imezama ndani.

Kama kuna ushahidi unaonishika kuliko mwingine wowote, ni ule wa Trivandrum, jimbo la Kerala, kusini mwa India, ambako kutafuna tumbaku pamoja na tambuu ni desturi ya siku nyingi. Kuanzia mwaka 1996, maeneo 13 yaligawanywa kwa kura. Katika baadhi yake watu wa miaka 35 na kuendelea walitembelewa majumbani na kukaguliwa vinywa kwa macho, kwa mwanga wa kawaida, kila baada ya miaka mitatu hivi. Katika mengine waliachwa waende hospitali wenyewe kama ilivyo kawaida. Jumla yao walizidi laki moja na themanini elfu. Waliokagua hawakuwa madaktari. Walikuwa wahitimu wa vyuo, wa masomo yasiyo ya tiba, waliofundishwa kutazama nini na kumpeleka nani mbele. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2005, vifo vya saratani ya kinywa miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe vilikuwa vimepungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyokaguliwa. Ukichukua watu wote kwa pamoja, wakiwemo wasiowahi kugusa tumbaku wala pombe, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa. Baadhi ya watu husoma sehemu hiyo ya pili na kusema basi ukaguzi hauna maana. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Macho ya mtu aliyefundishwa tu, pasipo mashine ya gharama, yaliokoa maisha, na waliookolewa ni wale ambao vinywa vyao vilikuwa na historia. Mwenye historia hiyo akikaa nyumbani na kidonda, anaukataa msaada uliothibitishwa kumfaa yeye kuliko jirani yake.

Tatizo ni kwamba wengi wenye historia hiyo hawajui kuwa wanayo. Mwulize bibi wa bara aliyeweka ugoro nyuma ya mdomo wa chini tangu ujana wake kama anavuta sigara. Atasema havuti, na hajadanganya. Mwulize mama wa Tanga au Unguja aliyetafuna tambuu kwa popoo, chokaa, katu na kipande cha tumbaku kama amewahi kutumia tumbaku. Huenda akasema hapana, kwa kuwa kwake ile ilikuwa tambuu. Na ieleweke kwamba popoo nayo, hata isipochanganywa na tumbaku, ilitajwa mwaka 2004 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Wapo pia vijana wa kuberi, tumbaku ya kuweka mdomoni, wanaoiona kama kitu cha kuchangamsha akili. Swali la maana katika chumba cha daktari ni hili: umewahi kuweka nini mdomoni, kwa miaka mingapi, upande upi? Tena liulizwe mgonjwa akiwa peke yake. Mwanamke wa miaka sitini aliyeletwa hospitali na binti yake hatasema mbele ya binti huyo kwamba aliwahi kuvuta alipokuwa msichana, hasa kama maisha yake yote amewakanya wanawe wasivute. Kuna aibu nyingine ambayo huwa haitajwi. Kidonda cha mdomoni kimehusishwa na virusi vya UKIMWI tangu miaka ile ya hofu, na mtu anaweza kukificha nyuma ya leso kwa kuogopa macho ya majirani, asiifikirie saratani hata mara moja.

Uchunguzi wenyewe hauna lolote la kuogofya. Daktari wa kinywa na meno atamwomba mtu avue meno bandia kama anayo, atazame juu, afungue kinywa. Atavuta midomo na mashavu kwa kidole kuona upande wa ndani, kisha atashika ncha ya ulimi kwa kipande cha shashi na kuuvuta kushoto na kulia, kwa sababu kingo za nyuma za ulimi hazionekani kwa kioo cha nyumbani. Atamwambia anyanyue ulimi uguse kaakaa, aone sakafu ya kinywa. Mwisho atapapasa chini ya kidevu na pande zote za shingo akitafuta tezi zilizovimba. Dakika chache tu. Akiona pa kutilia shaka, atachoma sindano ya ganzi na kukata kipande kidogo cha nyama cha ukubwa wa punje ya mchele, akitie katika chupa ya dawa kipelekwe maabara. Maabara ndiyo inayosema ni nini. Jicho peke yake, hata la bingwa, halitoshi kuitangaza saratani wala kuikanusha.

Hapo kwenye kipande cha nyama ndipo pingamizi kubwa la mitaani linapotokea: ukikichokoza kidonda kwa kisu, kinasambaa. Nimelitafakari sana neno hili kwa sababu wanaolisema wameona kitu cha kweli. Wameona mtu akipimwa hospitali na kufa miezi michache baadaye. Ila wengi wa wagonjwa hao, hapa Tanzania kama katika nchi jirani, hufika ugonjwa ukiwa tayari katika hatua ya tatu au ya nne. Kisu kiliwakuta wanakufa. Jina la Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, huogopwa kwa sababu hiyo hiyo, na hofu hiyo huwafanya wengine wachelewe, wafike wamechelewa, wafe, na hofu izidi. Marekani, ambako hesabu za wagonjwa hutunzwa vizuri, saratani ya kinywa na koo iliyokamatwa kabla haijatoka mahali ilipoanzia huwaacha hai zaidi ya watu wanane katika kila kumi baada ya miaka mitano. Iliyokwisha kusafiri hadi viungo vya mbali huwaacha takriban wanne. Sioni sababu ya kudhani kwamba kwetu kuchelewa kunagharimu kidogo kuliko hapo.

Rais wa zamani wa Marekani, Ulysses Grant, mvutaji wa siga nyingi kwa siku, alihisi maumivu makali kooni akila tunda mwezi Juni 1884. Aliambiwa amwone daktari wake. Daktari alikuwa Ulaya, naye akaona si kitu, akangoja mpaka Oktoba. Saratani ilikuwa katika shina la ulimi, na alifariki Julai 1885. Udaktari wa enzi ile usingeweza kumfanyia mengi hata angewahi. Wa leo unaweza, na kwa hiyo kungoja miezi minne leo kunapoteza kitu ambacho Grant hakuwa nacho.

Watakaosema wanawajua wazee waliovuta hadi miaka tisini bila kuumwa jino sina haja ya kuwabishia. Wapo. Hoja nzito zaidi ni ya fedha na umbali, na hii siwezi kuipuuza, kwa sababu nauli ya kwenda hospitali ya mkoa ni fedha ya unga wa nyumba nzima. Lakini tuihesabu mpaka mwisho. Uvimbe mdogo mara nyingi huondolewa kwa upasuaji tu. Ukikua, mgonjwa huhitaji mionzi siku tano kwa juma, wiki sita au saba, na mionzi ipo mahali pachache, kama Ocean Road na hospitali ya Bugando, Mwanza. Wa Kigoma au Lindi lazima apate pa kulala huko, pamoja na ndugu wa kumwangalia, na nyumbani shamba linangoja. Anayekwepa nauli ya kwanza anajiwekea nyingine iliyo kubwa mara nyingi.

Kisha kuna wale waliokwenda kweli, wakapewa dawa ya kusukutua, wakarudi, wakapewa vidonge vya antibayotiki, wakarudi, wakapewa vitamini. Hawa hawana kosa. Mhudumu wa zahanati huona vidonda vya kinywa vingi, na vingi vyao hupona. Inabidi mgonjwa aseme yale yanayokitofautisha cha kwake: kilianza lini, kimetibiwa kwa dawa gani na mara ngapi, na kwamba aliwahi kutumia tumbaku, ya aina gani, kwa miaka mingapi, hata kama ameacha na hata kama hakuulizwa. Wiki mbili zikiwa zimepita, asikubali chupa nyingine ya kusukutua. Aombe rufaa ya daktari wa kinywa na meno, iandikwe siku hiyo hiyo, na kama wilayani hayupo, aulize hospitali ipi anapatikana na siku gani za juma.