NANI ANA RUHUSA YA KUTUITA?



Leo nataka tuwaze pamoja juu ya jambo linaloonekana dogo: milio ya telefone zetu. Pengine mmoja atasema: «Shemasi, hilo ni neno la vijana, linatafuta nini katika gazeti la kanisa?» Miezi michache iliyopita mimi mwenyewe ningalisema hivyo. Lakini jambo lilinipata, nalo likanionyesha kwamba mahali ambapo mtu anafunga na kufungua milio ya telefone yake, hapo pia moyo wake unaonekana.

Siku ya Ijumaa, saa tatu ya usiku, mjane mmoja wa parokia yetu hapa Lubumbashi aliniandikia mesaje. Mtoto wake alikuwa na homa kali, naye hakuwa na franga za kumpeleka hospitali. Alikuwa anaomba mtu wa kanisa amsaidie. Mimi nilikuwa nyumbani, nimeketi, na telefone ilikuwa mezani mbele yangu. Haikulia. Katika chumba kingine mtoto wangu alikuwa anachezea tablete, ambayo nilikuwa nimeiunganisha na telefone yangu ili nisome mesaje za kanisa kwa herufi kubwa. Alikuwa anatafuta video aliyotumiwa na mjomba wake. Kidole chake kikagusa mesaje ya mjane, ikafunguka, akaiacha, akaendelea kutafuta. Hakuisoma. Ni mtoto.

Siku ya Mungu, kisha ibada, yule mama akanisalimia vizuri, akasema: «Papa Shemasi, niliona kama umesoma. Nikajua hauna nafasi, nikaenda kwa jirani.» Jirani huyo si wa kanisa letu. Ndiye aliyetoa franga, ndiye aliyebeba mtoto. Mtoto amepona, tunamshukuru Mungu. Yule mama hakunilaumu hata kidogo, na ndiyo sababu neno lake liliniumiza sana.

Nikaenda kwa kijana mmoja anayejua vyombo hivi, nikamwuliza namna gani mesaje inaweza kusomwa bila mimi kuisoma. Akanieleza, nami ninawaeleza ninyi, kwa maana wengi wetu tunatumia WhatsApp bila kujua inavyotembea. Mtu anaweza kuunganisha telefone yake na vyombo vingine mpaka vinne: ordinatere, tablete, ao telefone ya pili. Mesaje inapofika kwenye kimojawapo, aliyeituma anaona alama mbili. Inapofunguliwa kwenye kimojawapo, alama zile zinageuka rangi ya bluu, isipokuwa kama mwenyewe ameizima alama hiyo. Na ikiisha kufunguliwa huku, hata kule inahesabiwa kama imesomwa; ile namba inayoonyesha kwamba kuna mesaje mpya inaondoka. Lakini sauti ya kila chombo inapangwa juu ya chombo chenyewe. Hivi ordinatere inaweza kulia usiku kucha ndani ya ofisi iliyofungwa, na telefone iliyo mfukoni mwako ikanyamaza.

Basi, nani alisema uongo siku ile? Mashini haikusema uongo: mesaje ilifunguliwa kweli. Mtoto hakusema uongo. Mimi sikusema neno lolote. Hata hivyo mjane alipokea jibu, na jibu lile lilikuwa hivi: «Shemasi amekuona, naye amenyamaza.» Wandugu, kuna ushuhuda wa uongo usiotoka katika kinywa cha mtu. Unatoka katika mambo tuliyoyapanga bila kuangalia. Mtu akiweka mlinzi mlangoni pake, na mlinzi akawafukuza maskini, je, bwana wa nyumba atasema «Sikujua»? Alimweka nani?

Ningependa kukomea hapo, niseme kosa lilikuwa la tablete. Lakini niliuliza tena: kwa nini telefone yenyewe haikulia? Nikaifungua, nikatazama majina niliyoyanyamazisha. Programu ile inampa mtu njia tatu: kunyamazisha saa 8, kunyamazisha juma 1, ao kunyamazisha daima. Nikakuta grupu ya wajane: daima. Yule mama mwenyewe: daima, kwa sababu alizoea kututumia nyimbo na maombi kila alfajiri, na mimi nilipenda kulala. Lakini grupu ya viongozi, ambamo tunabishana juu ya viti na vitambaa vya sikukuu, ilikuwa inalia kwa sauti kubwa. Jamaa mmoja mwenye gari alikuwa na mlio wake peke yake, ili nisikose kumjibu.

Hakuna mtu aliyenilazimisha. Nilifanya hivyo kwa kidole changu, siku mbalimbali, kila mara nikiwa na sababu nzuri. Lakini sababu zile nzuri zikikusanywa pamoja, zinaandika orodha ya watu: hawa wanaweza kuniita, hawa hawawezi. Na wote waliokuwa upande wa kunyamaza walikuwa wadogo.

Tusome Marko sura ya 5. Yairo, mkubwa wa sinagogi, amemwita Yesu. Binti yake anakufa. Hakuna mwito mkubwa kuliko ule. Njiani mwanamke mgonjwa wa miaka 12, asiye na cheo wala mali, anagusa vazi lake tu. Ule ulikuwa mwito mdogo sana, wala wanafunzi hawakuusikia. Yesu akasimama. Akauliza. Akamngojea huyo mama aseme habari yake yote, na mkubwa wa sinagogi akasimama akingojea vilevile. Bwana wetu hakuwa na mlio wa wakubwa na ukimya wa wadogo.

Lakini tusianguke upande wa pili. Wako wanaosema: «Basi, mkristo wa kweli sherti aache vyote vilie, usiku na mchana.» Hapana. Siku hizi grupu moja inaweza kuwa na watu mpaka 1024. Nani atasikia wote na kubaki na akili yake? Nimeona shemasi ameketi karibu na mgonjwa, na kila dakika macho yanashuka mfukoni. Mgonjwa akakata maneno yake katikati. Anayeitikia kila mlio, mwisho haitikii mtu yeyote. Katika sura ya 1 ya Marko, Yesu aliondoka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu ili aombe, na wote walikuwa wanamtafuta. Kunyamazisha si zambi. Maombi yanadai kimya, ndoa inadai kimya, kitanda cha mgonjwa kinadai kimya.

Papa Simon Kimbangu anatufundisha juu ya jambo hili kwa maisha yake. Tunakumbuka kwamba mwaka 1918 alisikia mwito wa kuchunga kundi la Kristo. Aliogopa, akajiona hana elimu ya kutosha, akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi. Mwito ukamfuata hata kule. Mwisho akarudi Nkamba, na tarehe 6 Aprili 1921 akaweka mikono juu ya mwanamke mgonjwa. Angalieni: mwito wa Mungu ulimwelekeza kwa mama mmoja mgonjwa wa kijiji, si kwa mkubwa. Na mwaka ule ule wakoloni wakamfunga. Alikaa miaka 30 katika gereza la mji wetu huu, ambao wakati ule uliitwa Élisabethville, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Yeye, mlango ulifungwa na wengine. Sisi ambao mlango wetu uko wazi, tunaufunga wenyewe, kisha tunasahau nani tumemwacha inje.

Kwa hiyo naona kwamba swali si «nilie ao ninyamaze?». Swali ni: je, yule aliyekosa kabisa anajua njia ya kunifikia? Kimya kilicho na mlango kinaitwa pumziko. Kimya kisicho na mlango ni dharau, hata kama hatukuikusudia.

Haya ndiyo niliyoyafanya, na ninawaomba mashemasi na wamama wanaoongoza grupu wayafikiri:

1. Nimetazama orodha ya vyombo vilivyounganishwa na telefone yangu, nikaondoa tablete. Kazi ya kanisa haitakaa tena mikononi mwa mtoto. Ordinatere ya ofisi ninaikata kila ninapofunga mlango.

2. Ninaponyamazisha, ninachagua saa 8, wala si daima. Hivi kesho inanilazimu kuamua tena, nikimkumbuka mtu kwa jina lake.

3. Nimewaambia wajane na wagonjwa wote kwa kinywa: jambo la haraka lisiandikwe, lipigwe. Asiye na unite abipe mara mbili, nitampigia mimi. Telefone nyingi zinaruhusu kuchagua watu ambao simu yao italia hata wakati wa kimya. Nimeweka majina yao pale, na jina la jamaa mwenye gari nimeliondoa.

4. Nikiwa mbele ya mgonjwa ao katika maombi, telefone inanyamaza yote, lakini ninamwachia shemasi mwenzangu zamu. Kanisa halina sikio moja tu.

Yule mama nilikwenda kwake, nikavua viatu, nikaketi, nikamweleza yote, pamoja na ile «daima». Ilikuwa vigumu kuitamka. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza: «Na nyimbo zangu za alfajiri, Papa, hauzisikiaki?» Nikamwambia ukweli. Akasema atazituma saa moja, jua likiwa limetoka.

Ndugu msomaji, usiku huu kabla ya kulala, fungua telefone yako na utazame majina uliyoyanyamazisha. Yasome polepole, moja moja, kama unavyosoma majina ya watu wa kuombewa. Mungu anayesikia mwito mdogo atuamshe.

Ndugu yenu katika Kristo,
Shemasi wa parokia, Lubumbashi