MIGUU YENYE MBIO

Masomo: Wafilipi 2:1-11; Yohana 13:1-17



Majira ya michezo katika shule zetu za Kanisa huleta furaha nyingi, na pamoja na furaha huja majaribu. Kijana akishinda mara mbili tatu, hupewa majina ya sifa. Asipoangalia, atamkaripia mwenzake aliyekosa goli, na kubeba nyavu ataona ni kazi ya wengine. Mtume Paulo aliwafundisha Wafilipi wasishindane kwa kujitukuza, bali kila mmoja ajali haja ya jirani yake. Je, neno hili lawezekana uwanjani, ambako kila mtu amekuja kushinda?

Tumtazame Eric Liddell. Alizaliwa China mwaka 1902, mtoto wa wamishonari kutoka Scotland, akasoma Eltham College, London, shule iliyowekwa kwa ajili ya watoto wa wamishonari. Wengi wetu tumesikia jinsi alivyokataa kukimbia mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924, kwa kuwa mbio za mchujo ziliangukia Jumapili. Alikimbia mita 400, akashinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata aliziacha sifa hizo, akarudi China kufundisha.

Hapo ndipo mahubiri mengi huishia. Lakini ushindi wake mkubwa zaidi ulikuja baadaye, mahali pasipokuwa na watazamaji.

Mwaka 1943, wakati wa vita, Wajapani walimfunga pamoja na wageni wengine katika kambi ya Weihsien. Mkewe na watoto walikuwa wamekwenda Canada, na binti yake wa tatu alizaliwa huko. Baba hakumwona kamwe. Kambini walikuwamo pia wanafunzi wa shule ya misheni ya Chefoo, wengi wao mbali na wazazi. Bingwa huyu akawa mtumishi wao. Aliwafundisha masomo, akawapangia michezo, akatengeneza magongo ya hoki yaliyovunjika. Ila siku ya Jumapili hakuwapangia michezo.

Basi Jumapili moja vijana wakacheza peke yao, bila mwamuzi, na mchezo ukaishia katika kupigana. Eric angeweza kuwaambia wamevuna walichopanda. Lakini Jumapili iliyofuata alikwenda uwanjani yeye mwenyewe, akawaamulia mchezo.

Je, alivunja siku ya Bwana? Huenda wako watakaosema ndiyo. Lakini tupime vema. Mwaka 1924 alijinyima nafasi ya medali. Kambini alijinyima kitu kigumu zaidi, yaani sifa ya kuwa mtu wa Jumapili, sifa iliyojulikana duniani. Kwa faida yake hakukimbia Jumapili hata hatua moja. Kwa ajili ya watoto wanaopigana, alikwenda. Bwana wetu alifundisha kwamba sabato iliwekwa kwa faida ya mwanadamu (Marko 2:27). Kuna kiburi cha medali, ndugu zangu, na kuna kiburi cha utakatifu. Eric alivitupa vyote viwili.

Kijana mmoja wa Chefoo alipewa na Eric viatu vyake vya kukimbilia, vilivyochakaa. Tena alifundishwa naye kuwaombea Wajapani waliowafunga. Muda mfupi baadaye, tarehe 21 Februari 1945, Eric alifariki humo kambini kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Kijana yule, vita vilipokwisha, alikwenda Japani kuhubiri Injili.

Wazazi, mtoto akirudi na kikombe, tumpongeze. Kisha tumwulize ni nani aliyeanguka, naye alimsaidiaje. Walimu, msimsamehe mwenye mbio kazi ya kufagia uwanja. Nanyi vijana, kimbieni kwa nguvu zenu zote, maana uvivu si unyenyekevu. Lakini mkisha kufika, geukeni nyuma mumtazame wa mwisho. Bwana wetu alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi wake. Aliyepewa miguu yenye mbio, naye ajifunze kuosha ya wenzake.

Ee Bwana, uwape vijana wetu nguvu za kukimbia na moyo wa kuinama. Amina.