Wafanyieni Watoto Wenu Uadilifu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Enyi wazazi vijana, katika mengi ambayo wazee wenu wangependa kuwausia, leo nashika moja: wafanyieni watoto wenu uadilifu tangu wakiwa wadogo. Ugomvi wa mirathi unaofikishwa kwa makadhi mara nyingi hauanzi siku ya kugawa shamba. Huanza utotoni, siku mmoja aliponunuliwa nguo ya Idi na mwenziwe akaambiwa asubiri.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha sahaba Bashir bin Saad. Alimpa mwanawe Nuuman zawadi, na mke wa Bashir, Amra bint Rawaha, akataka Mtume (S.A.W.) aishuhudie. Mtume akamuuliza Bashir kama wanawe wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, akamwamrisha amche Mungu na awe muadilifu kwa wanawe. Bashir akairudisha zawadi ile. Katika riwaya ya Muslim aliulizwa pia kama angependa wanawe wote wawe sawa katika kumtendea wema. Swali hilo linatosha kumwamsha mzazi: utatakaje wema ulio sawa kwa watoto uliowatendea tofauti?

Atasema mtu kwamba kwa Shafii, ambaye wengi wetu hapa pwani tunafuata madhehebu yake, kusawazisha ni sunna wala si wajibu kama alivyoona Imamu Ahmad. Ni kweli. Lakini kuacha sunna hii ni makuruhu, na hasara yake huonekana ndugu wanaposusiana mazishi. Mwingine atasema watoto hawalingani: huyu mgonjwa, yule anadaiwa karo. Hilo nalo ni kweli, na mwanazuoni Ibn Qudama ameeleza kwamba maradhi na kutafuta elimu ni miongoni mwa sababu zinazoruhusu mmoja apewe zaidi. Basi mpe mwenye haja, na wenzake uwaeleze sababu, wasije wakadhani ni upendeleo.

Wa tatu atasema moyo haulazimishwi, na Nabii Yaqub mwenyewe alimpenda Yusuf mno. Tazameni basi alivyofanya: alimkanya Yusuf asiwasimulie nduguze ndoto yake, kwa kuwa aliijua hatari ya wivu. Moyo una udhuru. Mkono na ulimi havina. Ndiyo maana imepokewa kutoka kwa mwanazuoni Ibrahim an-Nakhai kwamba watu wema waliotangulia walipenda kuwasawazisha watoto hata katika kuwabusu.

Basi kila mmoja wetu ajihesabu: nani husifiwa kila siku na nani hukaripiwa tu, wa kiume anapewa nini na wa kike ananyimwa nini. Kasoro ya leo hutengenezeka leo, watoto wakiwa bado mikononi mwetu. Ewe Mola, tujaalie uadilifu majumbani mwetu, na uziunganishe nyoyo za watoto wetu tukiwa hai na baada yetu. Amin.