Nasaba ya Chuma na Nasaba ya Samaki

Pikipiki ya boda boda ipitayo mtaa wa Kondele, ikiwa imepakia abiria wawili na gunia la omena, haikubuniwa Kisumu wala kwa ajili ya Kisumu. Kwani Boxer ya Bajaj ilizaliwa India katika ushirika na Kawasaki ya Japani, na TVS nayo ilipata elimu yake kwa Suzuki. Lakini zilipofurika nchini Kenya baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, zikairithi kazi ya baiskeli, mazingira yalizihukumu bila huruma: iliyoshindwa na mashimo, au iliyokuwa na vipuri adimu, ilitoweka, ilhali iliyosalia ilitiwa keria ndefu, ngao na mwavuli na mafundi wa jua kali.

Mwendo huo washabihiana mno na ule wa uteuzi wa asili alioueleza Charles Darwin mwaka 1859, na ushahidi wake umo katika Ziwa Victoria, ambamo samaki wadogo waitwao fulu, wenye asili ya mababu wachache, waligawanyika wakawa spishi zipatazo 500 katika muda wa miaka 15,000 hivi, tangu ziwa lilipojaa tena baada ya kukauka. Wengine wakapata mataya ya kuvunjia konokono, wengine meno ya kukwangulia mwani kwenye mawe.

Walakini kushabihiana si kuwa mamoja. Fulu hawezi kuazima taya la jirani yake, ilhali fundi wa soko la Kibuye, Kisumu, huing'oa shoku ya pikipiki ya Kichina akaifunga katika ya Kihindi, naye hufanya hivyo kwa nia, jambo ambalo maumbile hayana. Tena, pikipiki iliyoachwa kuundwa yaweza kuundwa upya madhali mchoro wake umehifadhiwa. Lakini mbuta, samaki mla samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 kwa matumaini ya faida, alipowamaliza fulu wengi katika miaka ya 1980, spishi zilizotoweka hazikuacha mchoro ambao kwao mtu angeweza kuzirejesha.

Kwa hiyo, mwenye mamlaka juu ya ziwa na asijidhanie fundi, wala asilifanyie majaribio kwa ujasiri wa mwenye spana mkononi. Kosa la karakana husahihishwa kesho yake, na lile la ziwani hurithiwa na wajukuu.