Mikate Tisa na Daftari la Kamati

Shangazi yangu hakuingia ukumbini. Alifika mlangoni saa mbili usiku, amevaa gauni jipya na mtandio wa hariri, kijana aliyesimama pale akamwomba kadi. Hakuwa nayo. Jina lake halikuwamo katika daftari la kamati ya harusi kwa sababu hakutoa mchango. Mikate yake tisa ya mayai ilikuwa imeshaingia tangu alasiri kwa mlango wa jikoni, ikapokelewa, ikakatwa, ikaliwa. Bi harusi ni mjukuu wa kaka yake.

Wiki iliyofuata nilimwendea katibu wa kamati. Alinifungulia daftari bila kinyongo, akanionyesha safu: jina, ahadi, alichotoa, anachodaiwa. Kadi ya mtu mmoja shilingi 50,000, ya wawili 100,000. Akaniambia kwa adabu, "Hapa hakuna safu ya mkate." Nimelala na kuamka na maneno hayo kwa miezi mitano. Haya ninayoandika yametoka humo, na sitaki msomaji adhani naandika moyo ukiwa umetulia.

Swali langu ni hili: mtu anayekuokea kitu kitamu nyumbani kwake akakuletea, amekupa nini? Zawadi, bila shaka, na zawadi ni kitu apewacho mtu pasipo malipo. Kamusi zinasema hivyo na inatosha. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi ina wajibu tatu ndani yake, kutoa, kupokea na kurudisha. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kutumwa kwa jirani na sahani ya futari anajua hayo, maana sahani hairudi tupu. Tusonge mbele.

Shangazi alitoka Tanga Alhamisi. Ijumaa usiku alioka uani kwangu, trei tatu za mayai, mayai kumi kwa kila mkate. Wapo watakaotarajia niusifu mkono uliochoka kwa kupiga mayai. Sitafanya hivyo. Alipiga kwa mashine ya umeme ya binti yangu, akaifurahia sana, akasema ingekuja miaka thelathini nyuma bega lake lisingekuwa linauma leo. Kwa hiyo hoja yangu si jasho. Wanaotetea vya nyumbani kwa jasho hushindwa siku mashine inapoletwa.

Nilichokiona usiku ule ni kwamba kila mkate ulikuwa na kinywa chake. Mmoja ulitiwa sukari kidogo, wa baba wa bi harusi, ambaye ana kisukari. Mmoja haukutiwa iliki kwa kuwa mama mtu harufu yake humpanda kichwani. Mmoja ulijazwa zabibu juu hadi unga hauonekani, kwa sababu bi harusi alipokuwa na miaka sita alikuwa akizidonoa moja moja na kuacha mkate umejaa mashimo. Akipalia makaa juu ya kifuniko, shangazi alikuwa akitaja: huu wa babake, huu wa mtoto, hii miwili ya wapishi, maana wapishi wa shughuli hawaonji kitamu mpaka watu waondoke. Mwaka 1776 Adam Smith aliandika kwamba hatutegemei mlo wetu kwa huruma ya mchinjaji wala ya mwokaji mikate, bali kwa kuwa wao wanaangalia maslahi yao. Kuhusu mwokaji yule ni kweli tupu. Mkate wake haumjui mlaji, wala haulazimiki kumjua. Huu wa shangazi ulimjua mlaji kabla haujaumuka.

Yapo mapingamizi ya haki, na nayakubali. Ukumbi haulipwi kwa mkate. Kazi hii huwaangukia wanawake, tena walewale, na mara nyingi hakuna aliyewauliza kama wanataka. Na sukari inatumaliza.

Pingamizi lililonichoma ni jingine. Katibu alisema: "Ukifungwa kitambaa machoni, ukapewa kipande cha mkate wake na kipande cha keki ya kununua, hutajua upi ni upi. Unga ni uleule, mayai ni yaleyale. Kinachobaki ni hisia zako tu." Akafunga daftari.

Nilishindwa kumjibu pale, na ndiyo maana najibu hapa. Kwanza, nakubali kwamba huenda nisijue. Ulimi wangu si hodari kiasi hicho. Lakini ni nani anayekula harusini akiwa amefungwa kitambaa? Jaribio hilo linaondoa kitu kimoja tu mezani, nacho ni kujua nani ameleta, halafu linatangaza kwamba mezani hapakuwa na kitu hicho. Nirekodi sauti ya mjukuu akisema shikamoo, niicheze kila asubuhi. Sikio halitatofautisha. Je, nimesalimiwa?

Pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi, katibu yule anaamini noti. Mpe noti ya shilingi 10,000 akiwa amefungwa kitambaa, kisha mpe karatasi nzuri iliyokatwa kwa kipimo kilekile. Kidole kitaona tofauti ndogo, lakini hakuna kidole kitakachokuta shilingi elfu kumi ndani yake. Thamani ile iko katika makubaliano ya watu na katika neno la Benki Kuu. Aprili 2025 noti zetu za zamani, zile za kati ya 1985 na 2003, ziliacha kuwa fedha halali. Aliyekuwa na bunda chini ya godoro aliamka akiwa na karatasi ileile, rangi ileile, picha ileile. Haikubadilika hata uzi. Kilichoondoka hakikuwa kwenye karatasi. Basi mtu anayeishi kwa kuamini thamani isiyoshikika kwa mkono anapata wapi ujasiri wa kuuambia mkate wa shangazi yangu kwamba thamani yake ni hisia tu?

Atajibu kwamba noti inanunua na mkate haununui. Kweli, noti inanunua kwa sababu watu wengi wamekubaliana juu yake. Nasi katika ukoo wetu tulikuwa tumekubaliana juu ya mkate wa harusi, tangu harusi ya bibi yangu, kabla daftari lile halijachorwa mistari. Yalikuwa makubaliano mawili, moja likalitoa jingine nje ya mlango.

Na hilo neno "hisia". Nilipomuuliza kwa nini asingemruhusu shangazi aingie tu, alisema waliochanga wangejisikia vibaya kumwona aliyeingia bure. Wangejisikia! Kumbe hisia za waliolipa ni sababu ya kumzuia mtu mlangoni, na hisia za aliyeoka si sababu ya chochote. Hapa hatubishani tena kuhusu mkate. Tunabishana kuhusu ni hisia za nani zinazoandikwa.

Niliposema nimelala na maneno yake, nililala zaidi na neno mchango. Kuchanga ni kukusanya kidogo kidogo kutoka kwa wengi. Karata nazo huchangwa, zikaingiliana hadi hakuna ajuaye ipi ilikuwa juu. Pembeni yake kuna kuchanganya, ndilo neno tunalolitumia unga unapokutana na mayai. Nadhani haya ni maneno ya nyumba moja. Yai likishachanganywa huwezi kulichomoa ukasema hili ni la fulani, liandike. Mkate mzima unakuwa wa mayai kumi kwa pamoja. Wazee waliochagua neno hili kwa ajili ya shughuli zetu sidhani kama walikuwa wakifikiria safu ya "anachodaiwa". Walifikiria chungu kimoja: huyu kaleta kuni, huyu nazi, huyu mikono, na mwisho wa siku hakuna awezaye kutenga wali wa nani ni upi. Nimejikuta nikilirudia neno hilo jikoni peke yangu, changa, changana, changanya, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Nyerere katika andiko lake la 1962 kuhusu ujamaa alikumbusha msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Angalia anachopewa mgeni: jembe. Anaingizwa katika familia kwa kazi ya mikono yake, hatozwi. Na Azimio la Arusha, 1967, lililalamika kwamba katika vita dhidi ya umaskini tumechagua pesa kuwa silaha, nayo ni silaha isiyotufaa. Sidai kwamba Azimio liliandikwa kwa ajili ya mikate. Nasema nchi iliyosomesha watoto wake maneno hayo ina deni la kueleza ni lini hasa mtu aliyekuja na jembe lake alianza kuambiwa hajachanga.

Hapo ndipo nilipotaka kumaliza, nikiwa mshindi. Sikumaliza, kwa sababu nilifanya kosa. Nilimpigia shangazi simu nikamwambia nimepiga hesabu: mikate tisa kwa 15,000 ni 135,000, zaidi ya kadi ya watu wawili. Tungemwonyesha katibu hesabu hiyo, wangemwomba radhi. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na wewe unataka kunilipa?"

Sijapata jibu. Nikiutia mkate bei ili uandikwe, nimekubali kwamba kisicho na bei hakipo, na ule uliojaa zabibu unakuwa 15,000 sawa na ule usio na iliki. Nikiuacha bila bei, mwanamke wa miaka sabini na mbili anabaki nje ya mlango na kitamu chake kiko ndani kinaliwa. Ningependa kusema liko daftari jingine, lenye jina na safu iliyoachwa wazi. Lakini najua kamati zetu. Safu iliyo wazi husomwa kuwa sifuri.

Harusi nyingine katika ukoo ni Desemba, na shangazi ameshaombwa mikate. Amekubali. Hajauliza habari za kadi, nami sijathubutu kuitaja. Masinia yake matatu yaliyobeba ile mikate tisa bado yako nyumbani kwa maharusi, hayajarudishwa, si yakiwa na kitu wala yakiwa matupu.