Nyota za Kwenye Skrini
Mchezo wa kidijitali unaommwagia mtoto nyota kwa kila jibu sahihi unamfundisha kupenda hesabu, au kupenda nyota? Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio lao la Marekani: watoto waliopenda kuchora, walipoahidiwa cheti, baadaye walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao, ilhali waliokabidhiwa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Kilichoharibu, basi, si zawadi bali mapatano. Utasema asiyependa hesabu hatazigusa bila kivutio. Kweli, na jaribio lile halikumhusu yeye. Lakini kivutio chaweza kukaa ndani ya kazi yenyewe: fumbo linalozidi kidogo uwezo wake, lenye msaada, kama alivyofikiri mwanasaikolojia Vygotsky, na kosa linaloonyesha chanzo chake badala ya king'ora kulia tu. Wabunifu hupenda king'ora. Ni rahisi kukitengeneza.