Daudi Alihesabu, Watu Wakafa

Wapendwa, fungueni 2 Samweli 24. Mfalme Daudi anashikwa na hamu ya kujua idadi ya watu wake. Yoabu, mtu wa vita asiyesifika kwa huruma, anasita na kumuuliza bwana wake hesabu hiyo anaitakia nini. Hapati jibu la maana. Anaizunguka nchi miezi tisa na siku ishirini, anarudi na takwimu zake, kisha tauni inashuka kwa siku tatu na watu 70,000 wanakufa. Daudi hafi. Wanaozikwa ni wale waliohesabiwa, na mfalme mwenyewe aliliona hilo, akalikiri.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea saikolojia, mnaokwenda mashinani na madodoso kwapani kuwauliza watu habari za ndoa zao, kabila lao, akili zao na vilio vyao vya usiku. Swali la Yoabu ni lenu. Jibu hili unalitakia nini? Na ukishalipata, tauni itamshukia nani?

Msiniambie kwamba sayansi haina upande! Mwaka 1934 daktari F. W. Vint alichapisha vipimo vya ubongo wa maiti za Waafrika wa Kenya hii, akahitimisha kwamba una upungufu ukilinganishwa na wa Mzungu. Ndugu zangu, gramu zilikuwa gramu. Lakini nchi ya walowezi ilikuwa ikibishana kama inafaa kumsomesha Mwafrika, na mizani ikaletwa katikati ya ubishi huo. Je, ilitazamiwa iseme nini?

Akaja J. C. Carothers. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya Mathari kabla hajasomea utaalamu wa magonjwa ya akili, na kutokana na wagonjwa wa humo akatoa hukumu juu ya bara zima. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida, mzima wa afya, na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Akaandika pia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Hebu jiulizeni, enzi zile nani alipelekwa Mathari? Ni yule aliyechoma nyumba, aliyekimbia uchi barabarani, aliyempiga askari wa chifu. Mama aliyeacha kuwasha moto jikoni, akalala siku nzima uso ukutani, hakuna aliyempakia kwenye lori. Kwa kuwa hakuwamo katika daftari la hospitali, kutokuwamo kwake kukafanywa tabia ya Mwafrika. Mpaka leo yuko kati yetu anayeambiwa sonona ni ugonjwa wa Wazungu, ainuke akalime.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamwita tena, aueleze uasi wa Mau Mau. Watu walikuwa wakisema ardhi, tena wakiionyesha kwa kidole, ng'ambo ya ua wa mlowezi. Kijitabu chake kikaweka uzito kwenye nafsi ya Mkikuyu iliyovurugwa na mpito, kikaunga mkono watu wakusanywe vijijini. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa huko, ndani ya mitaro iliyosimikwa vigingi vilivyochongwa, na mitaro yenyewe kina mama waliichimba kwa amri. Carothers hakubuni vijiji hivyo, nisimtwike ya wengine. Alichowapa watawala ni baraka ya daktari. Daktari wa akili Lambo wa Nigeria alimpinga, daktari mwenzake Fanon alimpinga, lakini mitaro ilikuwa imeshachimbwa.

Ni rahisi kumrushia mawe marehemu. Na mimi je?

Kabla sijaingia kwenye utumishi nilikuwa mdadisi, nikilipwa kwa siku. Tulikuwa na dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu. La tisa linauliza kama umewaza kwamba afadhali ungekufa. Nilimkuta mama mmoja anachambua maharagwe kwenye ungo. Mlango ulikuwa wazi, mama mkwe wake ameketi kizingitini, nami nilikuwa na nyumba sita zaidi kabla ya giza. Nikasoma swali la tisa kwa sauti ileile niliyosomea la usingizi. Mkono wake ukasimama juu ya maharagwe. Akasema, "Karibu kila siku." Nikazungushia namba tatu, nikashukuru, nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia mkwe akiuliza, "Umesema nini?"

Karatasi yangu ilikuwa na nambari badala ya jina, na hiyo ndiyo tuliyoita siri! Na wakati ule kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai katika nchi hii, kwa kifungu cha 226, kifungu ambacho Mahakama Kuu ilikuja kutamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Mimi nilikuwa na kibali chenye muhuri. Yeye alibaki na mkwe.

Basi tuache kuuliza? Hasha! Joan Sieber na Barbara Stanley, Wamarekani walioandika mwaka 1988 juu ya utafiti nyeti kwa jamii, walionya kwamba kuyakimbia maswali mazito nako ni kutupa wajibu. Mkinyamaza, daftari la Mathari litabaki kuwa neno la mwisho juu ya yule mama aliyelala uso ukutani. Ulizeni! Lakini fungeni mlango kwanza. Mtafutieni mkwe shughuli. Msimkanyagie mtu kizingiti na swali la tisa kama hamjui zahanati ipi itampokea kesho yake. Mkiandika sentensi inayoanza na "Wakikuyu ni" au "Wasomali ni", ikateni kabla wino haujakauka. Na matokeo yenu, kabla hayajafika wizarani, yasomeni kwa sauti, kwa lugha ya mama, mbele ya wale mliowahoji, mkae hapo mpaka wamalize kuwabishia.

Nyumba ile ilikuwa nambari 41. Mwaka uliofuata nilipita, nikakuta mlango una kufuli. Jirani akanitazama mkononi, kama nimebeba karatasi, ndipo akaniuliza nataka nini.